Umepewa Pikipiki Mpya ya Mkataba? Seti Shokapu za Nyuma Hivi na Uitunze Kilomita 1,000 za Mwanzo

Pikipiki ikitoka dukani Kariakoo, siti bado ina nailoni, kila mtu kijiweni anaisogelea. Mmoja anabonyeza honi, mwingine anawasha taa, wa tatu anauliza stika ataweka lini. Shokapu za nyuma hazina mwenyewe. Zitakuja kuangaliwa siku zinapovuja oili, au siku abiria anaposhuka ameshika kiuno.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Kuseti shokapu hakuhitaji spea yoyote wala fundi. Spana yake mara nyingi iko kwenye kifuko cha vifaa ulichopewa na pikipiki, kile ambacho wengi hawajawahi kukifungua. Kazi nzima ni dakika kumi na tano.

Na kwa dereva wa mkataba hili si suala la starehe tu. Hesabu ya bosi haisimami kwa sababu pikipiki iko gereji. Ukiiua ndani ya miezi ya mkataba, siku unapokabidhiwa kadi unakuwa umelipia skrepa. Soma hadi mwisho, halafu leo jioni ukirudi nyumbani uifanye.

Kwa nini pembezoni mwa Dar shokapu zinakufa haraka

Lami nzuri ipo Barabara ya Kilwa na Barabara ya Bagamoyo. Lakini kazi ya bodaboda inaanzia pale lami inapoishia. Daladala linamshusha abiria Mbagala Rangi Tatu, wewe unammalizia Chamazi, Mbande au Toangoma. Upande wa Kinondoni anashukia Tegeta au Bunju, wewe unapanda naye Wazo, Madale au Mabwepande.

Huko ndani kuna mchanga, mawe, makorongo ya mvua na matuta ambayo wananchi wamejiwekea wenyewe mbele ya nyumba zao. Na mizigo nayo haifanani. Asubuhi unabeba mwanafunzi, mchana mtungi wa gesi na kiroba cha unga, jioni mama mwenye mtoto mgongoni.

Kiwandani hawajui wewe utabeba nini. Shokapu inakuja kwenye seti moja, mara nyingi ya laini au ya kati, inayomfaa mtu mmoja kwenye barabara ya kawaida. Kazi ya kuioanisha na mzigo wako wamekuachia wewe, ndiyo maana wakaweka pete ya kugeuza.

Shokapu ina vitu viwili, usivichanganye

Cha kwanza ni springi, yaani huo waya mnene uliojisokota kwa nje. Kazi yake ni kubeba uzito na kulirudisha tairi chini baada ya kupanda tuta.

Cha pili ni bomba la ndani lenye oili. Hili linazuia springi isiruke ruka. Springi peke yake ni kama mpira, ukiudundisha unaendelea kudunda. Oili ndiyo inayosema "basi, tulia".

Ile pete ya ngazi unayoiona chini au juu ya springi inagusa springi tu. Haigusi oili. Maana yake, kama shokapu imeisha oili na pikipiki inadunda, hata ukaze hadi ngazi ya mwisho hautapona. Utadunda juu zaidi tu.

Pikipiki nyingi za biashara hapa kwetu zina shokapu mbili, kushoto na kulia, na pete yenye ngazi tatu hadi tano. TVS HLX, kwa mfano, zina ngazi tano. Boxer BM 150 ina springi mbili, moja ndani ya nyingine, mfumo ambao Bajaj wanauita SNS. Namna ya kuseti ni ile ile.

Jambo ambalo wengi wanalikosea: kukaza hakuongezi uzito wa kubeba

Kijiweni utasikia, "kaza shokapu mwanangu, ubebe mifuko miwili ya saruji." Si kweli.

Ukipandisha ngazi, unaibana springi mapema, kwa hiyo pikipiki inakaa juu kidogo ikiwa na mzigo. Basi. Springi haijawa nene zaidi, fremu haijawa ngumu zaidi, rimu na spoki ni zile zile. Unairudisha pikipiki kwenye urefu wake wa kawaida ili shokapu iwe na nafasi ya kucheza kabla haijagonga mwisho.

Uzito wa kubeba umeandikwa kwenye kitabu. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni kama kilo 130 hadi 150, na hapo wewe dereva umo ndani. Piga hesabu mwenyewe. Dereva wa kilo 70 na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 kila mmoja, jumla kilo 170. Umeshazidisha, pete iwe ngazi ya kwanza au ya tano.

Mishikaki ni hivyo hivyo. Sheria inataka abiria mmoja. Ukipakia wawili unavunja sheria na unavunja shokapu kwa wakati mmoja.

Pima kwanza, usigeuze kwa kubahatisha

Tafuta futi, hata ya fundi cherehani inafaa, na mtu mmoja wa kukusaidia. Fanya hivi:

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, sehemu tambarare, tairi la nyuma lining'inie bila kugusa chini.

2. Pima kutoka katikati ya nati ya ekseli ya nyuma kwenda juu wima, hadi sehemu moja isiyohama, kwa mfano bolti ya keria. Iwekee alama kwa kalamu ili usije ukabadilisha sehemu. Andika namba. Tuseme umepata sentimita 48.

3. Shusha pikipiki chini. Kaa juu kama unavyokaa kazini, na helmeti yako, huku mwenzako ameishikilia isianguke. Bonyeza siti mara mbili tatu iachie, halafu apime sehemu ile ile. Tuseme sentimita 45.

4. Sasa weka abiria wa uzito wa kawaida. Pima tena. Tuseme sentimita 42.

Tafsiri yake ni rahisi. Tairi la nyuma la pikipiki hizi linacheza jumla ya sentimita kama 10 kutoka juu hadi chini. Ukikaa peke yako lishuke kama theluthi moja ya hizo, yaani sentimita 3 hivi. Ukiwa na abiria, ibaki angalau theluthi moja ya akiba kwa ajili ya mashimo na matuta.

Kwenye mfano wetu, mwenyewe umeshuka sentimita 3, na abiria umeshuka 6. Zimebaki 4. Hiyo seti iko vizuri.

Lakini kama na abiria umeshuka sentimita 8, akiba iliyobaki ni 2 tu. Tuta dogo la Madale linaimaliza, chuma kinagonga chuma. Kile kishindo cha "ko!" unachokisikia mgongoni ndicho hicho. Pandisha ngazi.

Na kama ukikaa peke yako haishuki hata sentimita 1, umekaza mno. Tairi litakuwa linaruka badala ya kushika njia, hasa kwenye kokoto na kwenye lami iliyochakaa. Ukishika breki ya nyuma linateleza. Shusha ngazi.

Namna ya kugeuza pete

1. Acha pikipiki ipoe. Shokapu ya upande wa ekzosi iko jirani na bomba la moto, utaungua.

2. Iweke kwenye stendi ya kati. Ikiwa haina uzito, pete inageuka kirahisi.

3. Safisha pete kwa brashi na maji kidogo. Mchanga ukiwa kati ya ngazi unakula rangi na kuifanya ikwame.

4. Chukua ile spana yenye umbo la ndoano, iingize kwenye tundu au jino la pete. Usitumie patasi na nyundo. Ukiumega mdomo wa pete, hutaweza kuseti tena.

5. Angalia ngazi zenyewe. Ukigeuza na pete ikawa inaisukuma springi na kuibana, unakwenda kwenye ugumu. Ikiiachia, unakwenda kwenye ulaini. Usikariri kushoto au kulia, maana pikipiki hazifanani.

6. Geuza ngazi moja tu, halafu fanya hivyo hivyo upande wa pili.

7. Hakikisha pande zote mbili ziko ngazi sawa. Hesabu kwa kidole kabisa. Weka alama ya rangi ya kucha kwenye ngazi unayoitumia, hata ukiwa na haraka asubuhi unaiona.

8. Pima tena kwa futi, halafu izungushe mtaani kwako taratibu.

Hiyo namba saba ndiyo roho ya kazi yote. Shokapu moja ikiwa ngazi ya pili na nyingine ya nne, mkono wa nyuma unaoshika tairi unasukumwa kwa kujipinda. Pikipiki inavuta upande, bushi zinaliwa, na shokapu iliyo ngumu inabeba mzigo wa mwenzake hadi ivuje. Ukiona pikipiki imevuja shokapu moja tu, kabla hujamlaumu mwenye duka, kahesabu ngazi.

Ngazi ipi kwa kazi ipi?

Hii ni ya kuanzia tu kwa pete ya ngazi tano. Futi ndiyo yenye neno la mwisho.

Unaendesha peke yako, kwenda na kurudi kazini: ngazi ya 1 au ya 2.

Bodaboda ya abiria mmoja kutwa nzima: ngazi ya 3.

Abiria mnene, au abiria na kiroba: ngazi ya 4.

Mzigo wa keria wa karibu na mwisho wa uzito unaoruhusiwa: ngazi ya 5, na ukimaliza kazi uirudishe.

Dereva wa kijiwe hawezi kubadilisha kila abiria, hilo linaeleweka. Seti kwa kazi unayoifanya mara nyingi zaidi. Kama kati ya safari kumi nane ni za abiria mmoja, seti kwa abiria mmoja. Ile safari moja ya mtungi wa gesi utaendesha taratibu.

Na abiria anajua tofauti, hata kama hajui jina la shokapu. Mama mjamzito akipanda, atakwambia tu, "Mwanangu, taratibu na hayo matuta." Unamjibu, "Usijali mama, shika vizuri." Akifika salama bila mgongo kuuma, kesho namba yako ndiyo atakayoipigia.

Ukishagusa shokapu, angalia vitu vitatu

*Cheni.* Tairi la nyuma likipanda na kushuka, cheni nayo inakaza na kulegea. Kwa pikipiki nyingi, mzigo ukiongezeka cheni inakaza zaidi. Ukiiseti imenyooka kama waya wa gitaa wakati pikipiki haina mtu, ukipakia inavuta beringi ya gia boksi na kula meno ya spoketi. Ikiwa haina mtu, cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati, au kama kitabu chako kinavyosema. Halafu kaeni wawili na mwenzenu aiguse: bado ilegee kidogo. Zungusha tairi na pima sehemu kadhaa, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

*Taa.* Nyuma ikizama, taa ya mbele inatazama juu. Anayekuja mbele yako usiku unampofusha, na wewe huoni shimo lililo karibu. Baada ya kuseti, simama mbele ya ukuta usiku ukiwa na abiria, uone mwanga unapiga wapi, urekebishe.

*Upepo.* Shokapu na tairi vinafanya kazi pamoja. Boxer na wenzake wa saizi hiyo huenda na PSI 25 hivi mbele. Nyuma ni kama 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Wengine wanajaza hadi tairi linakuwa jiwe "ili mafuta yasiliwe", halafu wanalalamika shokapu ngumu. Shokapu haina kosa hapo.

Makosa yanayoua shokapu kijiweni

Kupachika vipande vya mpira wa tairi kati ya mizunguko ya springi. Pale ulipoweka mpira springi haifanyi kazi, kwa hiyo mizunguko iliyobaki inabeba yote hadi ivunjike.

Kuchomelea springi iliyokatika. Moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma cha springi. Itakatika tena, na safari hii inaweza kuwa na mtu juu.

Kubadili shokapu moja tu. Mpya na ya zamani hazilingani nguvu. Nunua jozi.

Kufungua shokapu zenye kichupa cha gesi pembeni. Ndani kuna gesi yenye mgandamizo mkubwa. Hizo hazifunguliwi mtaani kwa spana na jiwe.

Kupaka grisi kwenye fito inayong'aa. Grisi inashika mchanga, mchanga unakata sili, oili inatoka. Fito ifutwe kwa kitambaa kikavu, basi.

Sasa tuje kwenye pikipiki mpya yenyewe

Shokapu umeseti. Lakini kuna injini ambayo bado haijajuana na mwenyewe. Kilomita 1,000 za kwanza ndizo zinazoamua kama pikipiki itakunywa oili baada ya mwaka mmoja au itadumu.

*Kabla hujatoka dukani.* Pikipiki nyingi zinaingia nchini zikiwa kwenye makasha na kufungwa hapa hapa. Fundi aliyefunga kumi kwa siku anaweza kusahau moja. Omba spana, pitia nati za ekseli zote mbili, bolti za shokapu juu na chini, hendeli, keria na stendi. Angalia oili, maji ya betri kama ni ya maji, breki na taa zote. Hakikisha kitabu na kifuko cha vifaa vipo. Hapo hapo malizana na mambo ya kadi, bima na leseni ya LATRA kama ni ya biashara, ili usianze kazi kwa kukimbizana na askari.

*Kilomita 0 hadi 500.* Ndani ya silinda, ringi za pistoni na ukuta wa silinda vinasuguana vipate kukaa pamoja. Usivute mafuta hadi mwisho. Vitabu vingi vya pikipiki hizi vinataka spidi isizidi kama 45 kwa saa. Badilisha spidi mara kwa mara, usikae kwenye spidi moja safari nzima. Usiivute ikiwa gia kubwa huku inalia kwa mzigo, rudisha gia. Ukiiwasha asubuhi ipe dakika moja kabla ya kuondoka. Mizigo mizito iache kwanza.

*Kilomita 500 hadi 1,000.* Ongeza taratibu, hadi kama 55. Bado si wakati wa kushindana na mtu Barabara ya Kilwa.

Najua utasema, "Hesabu je? Bosi anataka elfu kumi yake." Sawa. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, kilomita 1,000 zinaisha ndani ya siku kumi. Ni siku kumi za kubeba abiria mmoja mmoja kwa utulivu. Injini ikifa, utafanya kazi ya wiki kadhaa kulipia silinda na pistoni.

*Sevisi ya kwanza.* Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukisikia "sevisi ya kwanza kilomita 500" unadhani ni mwezi ujao. Kwa bodaboda inafika ndani ya wiki ya kwanza! Oili ya mwanzo inabeba vumbi la chuma lililotokana na ule msuguano. Imwage ikiwa ya moto moto. Safisha au badili chujio la oili, seti tapeti, kaza bolti zote tena, seti cheni na klachi. Maduka mengi yanatoa kuponi za sevisi, na ukiruka ya kwanza unaweza kupoteza waranti.

*Oili gani?* Angalia kitabu. Boxer, kwa mfano, inatumia 20W-50. La muhimu zaidi, tumia oili ya pikipiki, kopo lenye maandishi JASO MA. Kwenye pikipiki hizi klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza, mlima wa Wazo unakushinda na wewe unalaumu klachi.

Baada ya hapo fuata kitabu. Lakini kwa kazi ya gia ndogo, vumbi na kusimama simama, kubadili mapema kila kilomita 1,500 hadi 2,000 ni busara. Kati ya sevisi angalia kiwango kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima.

*Mafuta na hewa.* Epuka petroli ya chupa ya pembeni mwa barabara, huwezi kujua ilichujwa na nini. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara kama unafanya kazi kwenye vumbi. Injini ikivuta mchanga, ringi mpya zinaisha kabla ya mkataba.

Masika, chumvi na kuosha

Dar ni pwani. Hewa ina chumvi, na masika ya Machi hadi Mei yanageuza njia za Mbagala na Bunju kuwa mito. Ukishapita kwenye maji ya juu ya ekseli, jioni fanya mambo manne: osha tope, futa fito za shokapu, paka cheni mafuta, jaribu breki.

Cheni ipake oili nzito ya gia, SAE 90, siyo ile oili chafu uliyomwaga kwenye injini. Oili chafu ina vumbi la chuma, ni kama kuipaka cheni msasa.

Ukiosha kwa mashine ya presha, usielekeze mdomo wake kwenye sili za shokapu, katikati ya rimu palipo na beringi, au kwenye cheni. Maji ya presha yanaingia ndani, na yakiingia hayatoki. Ndoo, sabuni na brashi vinatosha.

Utajuaje shokapu imekwisha?

Bonyeza siti kwa uzito wako wote kisha achia ghafla. Shokapu nzima inapanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, oili ya ndani haifanyi kazi.

Pitisha kidole kwenye fito. Unyevu kidogo wa vumbi si tatizo, lakini oili inayotiririka ni sili imekata.

Weka stendi ya kati, shika tairi la nyuma, livute kushoto na kulia. Likicheza, shida ni bushi za mkono wa nyuma au beringi, na usipoitengeneza hata shokapu mpya zitakufa.

Angalia tairi. Likiliwa kwa mabonde mabonde, limekuwa likirukaruka muda mrefu.

Ukiwa na dalili hizi usiendelee kukaza pete. Nenda kanunue jozi, na ukifika dukani taja aina ya pikipiki na modeli, kisha linganisha urefu kutoka tundu hadi tundu na ile ya zamani. Shokapu ndefu kuliko ya kwako inabadilisha cheni, stendi na namna pikipiki inavyokata kona.

Ratiba fupi ya kubandika ukutani

Kila asubuhi: oili, breki, taa, tairi kwa macho, fito za shokapu kwa kidole.

Kila wiki: upepo kwa geji, cheni, kaza bolti za shokapu na keria.

Kila mwezi: pima kwa futi, hesabu ngazi pande zote mbili, jaribu bushi.

Kilomita 500: sevisi ya kwanza, bila visingizio.

Neno la mwisho kwa dereva na bosi

Bosi, ukimkabidhi kijana pikipiki mpya, mpe na siku hizo kumi za kuilea. Punguza hesabu kidogo wiki ya kwanza, na mkubaliane mapema sevisi analipa nani. Pikipiki bado ni yako hadi mkataba uishe.

Dereva, usisubiri mkataba uishe ndiyo uanze kuipenda. Kila ngazi unayoiseti leo unaisetia pikipiki itakayokuwa yako kesho. Na Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili wanawajua vizuri madereva na abiria wa bodaboda. Tairi la nyuma linaloshika njia vizuri, taa inayoona mbele na helmeti mbili, yako na ya abiria, ni sehemu ya kukufanya usiwe mmoja wao.

Fungua kile kifuko cha vifaa leo. Ile spana ya ndoano imo humo, inakusubiri. Na kama kuna mwenzako kijiweni ametoka kupewa pikipiki mpya, mtumie makala hii kabla hajafikisha kilomita 500.